Hajatulia

Kisa hiki ni cha mdogo wangu wa kiume, fundi cherehani wa Tandika, Dar es Salaam, mwenye miaka 24. Ninakiandika kwa ruhusa yake. Rasimu ya kwanza nilimsomea akiwa kazini, akanisahihisha mahali pawili, na masahihisho yake nimeyaweka. Kliniki yenyewe siitaji jina, wala waliotuhudumia, maana ninachokieleza si ubaya wa mtu mmoja. Kilichotuumiza ni kwamba mpango mzima wa kutibu wagonjwa wa akili wakitokea nyumbani ulikuwa na mdogo wangu kwa miezi minne, na katika miezi hiyo hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe anajisikiaje.

Niseme mapema kwamba dawa zilimsaidia. Anayesoma hapa asiamke kesho akamnyang'anya mgonjwa wake vidonge. Tulichokosa sisi ni mtu wa kutazama dawa hizo zinamfanya nini.

Ugonjwa ulianza na usingizi. Usiku nne mfululizo hakulala, na siku ya tano akaanza kusikia watu wawili wakibishana juu yake, mmoja kwa sauti ya fundi aliyemfundisha kazi. Mchana ule akachukua mkasi, akakikata kitenge cha mteja, yadi sita za nguo ya harusi, vipande vya ukubwa wa kiganja, kwa sababu aliona maua ya kile kitambaa yameandika jina lake. Mama akamwita sheikh wa mtaa. Sheikh akasoma kisomo siku tatu, kisha akamwambia mama, "Kisomo tutaendelea nacho, lakini kesho asubuhi kijana apelekwe hospitali." Ninamshukuru mzee yule hadi leo.

Mama yetu ni Msambaa wa Korogwe. Huko milimani kwao ndiko iliko Lutindi, ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, kwa hiyo alikua akijua kwamba maradhi haya yana hospitali zake. Alichokiogopa ni jina la Mirembe. Si ile hospitali ya Dodoma yenyewe. Ni lile jina, jinsi linavyotupwa mitaani kama tusi. Basi alipoambiwa mwanawe hatalazwa, kwamba atatibiwa akitokea nyumbani, alimshika sista mikono yote miwili akamwombea dua.

Sista akatupa kadi ya kliniki. Ilikuwa na safu nne: tarehe, dawa, kikundi, kutembelewa nyumbani. Akatueleza vizuri, kwa upole, kwamba tutahudhuria kila baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi; kwamba kuna kikundi cha wagonjwa na ndugu zao mara moja kwa mwezi; kwamba muuguzi atafika nyumbani ndani ya mwezi wa kwanza; na kwamba likitokea jambo, nyuma ya kadi kuna namba ya simu. Tulitoka pale na matumaini makubwa. Kadi hiyo ninayo. Safu ya tarehe na ya dawa zimejaa. Ya kikundi ina alama moja. Ya nne haina kitu.

Aliandikiwa haloperidoli, dawa ya kupunguza zile sauti, miligramu 5 asubuhi na 5 usiku, pamoja na bensiheksoli, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane. Dirishani bensiheksoli haikuwepo. "Hii mkanunue nje." Tukanunua ya siku kumi, kwa kadiri ya pesa tuliyokuwa nayo. Ilipokwisha hatukununua tena, kwa sababu hakuna aliyetuambia ni ya nini. Tulidhani ni vitamini.

Kwenye benchi la dirisha la dawa nilikaa na mama mmoja kutoka Mbagala. Mwanawe, siku ya pili tu ya dawa kama zetu, shingo ilimpinda ikamgeukia nyuma na ulimi ukawa mzito. Nyumba nzima ikasema jini limekataa kutoka. Wakamrudisha kwa mganga. Ilikuwa distonia, misuli kukaza kwa sababu ya dawa, jambo linalowapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo, na sindano moja hospitalini huilegeza kwa muda mfupi. Yule mama aliambiwa hayo baada ya wiki mbili. Nilimsikiliza nikamwonea huruma, nikaona yetu imepita salama.

Wiki ya pili mdogo wangu alisema, "Dada, zile kelele zimepungua." Alianza kula. Alimwomba mteja wa kitenge radhi kwa mdomo wake mwenyewe, akamwahidi kumlipa kidogo kidogo. Jumatatu akarudi kibarazani kwenye cherehani yake ya miguu. Hapo ndipo jambo la pili lilipoanza.

Nilipitia kazini kwake saa nane mchana nimempelekea chakula. Alikuwa anashona kola ya shati la shule. Anakaa, anaweka miguu kwenye pedali, sindano inakwenda vidole vitatu, anainuka. Anazunguka kiti. Anakaa, anasogeza kitambaa, anainuka tena, anakwenda hadi bombani na kurudi bila kunywa maji. Kola ambayo zamani aliimaliza kabla hujamaliza kumsalimia ilimchukua nusu saa, na mshono ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Miguu." Rasimu yangu ilisema alijisikia kama siafu wanatembea ndani ya mifupa. Hilo ni sahihisho lake la kwanza: "Si siafu, dada. Siafu wanauma, unajua pa kukuna. Hii haiumi. Ni kama kuna mtu ndani anakuambia ondoka, na ukishaondoka anakuambia ondoka tena." Usiku alitembea uani. Mama alikuwa akilala akisikia kandambili zake, ukutani hadi mlangoni, mlangoni hadi ukutani, mpaka adhana ya alfajiri.

Mahudhurio ya pili tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukaingia ndani saa tano na nusu. Daktari hakuwa yule wa kwanza. Hakuwa mkali. Alikuwa na mafaili mezani yaliyomfika kifuani. Akaniuliza mimi.

"Dawa anakunywa?"

"Anakunywa, dokta."

"Analala?"

"Halali. Anatembea usiku kucha. Hajatulia kabisa."

Akaandika. Akapandisha haloperidoli ikawa miligramu 10 asubuhi na 10 usiku. Tukatoka.

Neno lile nimelitoa mimi, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Kwa Kiswahili, mtu anayesikia sauti na kukata vitambaa hajatulia. Mtu ambaye mawazo yanamkimbiza hajatulia. Na mtu ambaye kichwa chake ni kizima kama changu, ila miguu inakataa kukaa, naye hajatulia. Nilikuwa nazungumzia miguu. Daktari alisikia kichwa. Baadaye, nilipotumwa kulipeleka faili kutoka chumba kimoja hadi kingine, nilisoma. Wanaandika kwa Kiingereza, na neno la Kiingereza walilolitumia lina uzito uleule wa letu, halitofautishi. Lipo mara tatu, kwa miandiko mitatu tofauti. Kila aliyelifungua faili alilikuta, akaamini, akaliongeza.

Hali ile ina jina: akathisia, kutoka Kigiriki, maana yake kutoweza kukaa. Daktari wa Prague, Ladislav Haškovec, alilitumia neno hilo mwaka 1901, kabla dawa hizi hazijakuwepo. Klopromazini, dawa ya jamii hiyohiyo, ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na haloperidoli ilipotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, hali hiyo ikawa ya kawaida mawodini. Dawa hizi huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na hapo ndipo zinapopunguza sauti na shuku. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuendesha mwendo wa mwili. Akathisia huanza ndani ya siku au wiki chache tangu dawa ianze au ipandishwe. Kwa mtazamaji inafanana mno na ugonjwa uliorudi. Mtabibu akikosea hapo, ataongeza dawa. Dawa ikiongezeka, miguu inazidi. Miguu ikizidi, dawa inaongezwa tena. Sisi tuliuzunguka mduara huo mara mbili.

Baada ya dozi kupandishwa hakushona kabisa. Ana daftari la kazi, anaandika kila jioni mashati aliyomaliza. Kabla ya ugonjwa ni manne kwa siku, msimu wa sare matano. Wiki ya pili ya dawa, moja. Baada ya kupandishwa, sifuri, sifuri, sifuri. Kisha kuna siku nne ambazo dirishani haloperidoli ilikuwa imekwisha na sisi tulikuwa hatuna pesa ya kununua nje. Siku ya tatu kuna shati moja. Siku ya nne, mawili. Dawa ilipopatikana, sifuri. Sikuhitaji shahada ya udaktari kuuona mpangilio ule. Nikalichukua daftari, nikasema safari hii nitalionyesha.

Kabla ya hapo tulijaribu njia nyingine zote zilizokuwa kwenye kadi. Namba ya simu iliita bila kupokelewa siku tatu, siku ya nne ikawa haipatikani. Muuguzi wa kufika nyumbani hakufika; mama alikuwa akifagia uwanja kila Jumatano kwa ajili yake. Kikundi tulikwenda. Tulikuwa watu kama thelathini kwenye chumba cha chanjo, akasimama mhudumu akatueleza kwa dakika arobaini madhara ya bangi na umuhimu wa kutoacha dawa, kisha tukagawiwa vipeperushi. Mdogo wangu hajawahi kuvuta bangi, na kwa hesabu yangu aliulizwa habari hiyo mara nne katika mpango ule. Ni swali la haki kuulizwa. Lakini mara nne bangi, na miguu hata mara moja!

Katika wiki hizo ulipita usiku mmoja ambao mama hajauzungumza na majirani. Mdogo wangu alimwambia, "Mama, kama maisha yenyewe ndiyo haya na miguu hii, sioni ya nini kuendelea." Mama akalala mlangoni. Akathisia kali inajulikana kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua, na mtu anayetibiwa akisema neno kama hilo ni la kupelekwa hospitali usiku uleule. Hatukumpeleka. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na mama aliogopa kwamba kulitamka tu mbele ya watu wa serikali kungemwingiza mwanawe polisi. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilikitengua kifungu kama hicho Januari 2025. Hapa kwetu hofu ile bado inawafunga wazazi midomo, na nina hakika mama yangu si wa peke yake.

Mahudhurio ya tatu yalikuwa na daktari wa tatu. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na dirisha. "Kaa chini, kijana." Akakaa. Akasimama. "Nimesema kaa." Akakaa, akashika magoti kwa mikono yote miwili, nikaona vidole vinakuwa vyeupe, akasimama. Nikafungua daftari, nikaanza kueleza zile siku nne. Nilifika kwenye maneno "dawa ilikuwa imekwisha", akanikatiza: "Kwa hiyo aliacha dawa." Hilo ndilo lililoandikwa. Na kwa kuwa mgonjwa anayeacha dawa hupewa ya sindano, akachomwa flufenazini, dawa ya jamii ya haloperidoli, sindano ya mwezi. Ile dawa imewekwa kwenye mafuta ya ufuta ili iingie mwilini taratibu kwa wiki kadhaa. Kidonge kikikusumbua, kesho unaweza kukisimamisha. Sindano ile ikishaingia, hakuna wa kuitoa.

Nilipima kwa simu yangu. Tulikuwa ndani dakika tatu na sekunde kadhaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba kipo kipimo cha akathisia kinachotumika duniani kote, kilichochapishwa na daktari Barnes mwaka 1989. Hakihitaji mashine wala damu. Mgonjwa anatazamwa akiwa amekaa, angalau dakika mbili, kisha akiwa amesimama, angalau dakika mbili, huku mnazungumza mambo ya kawaida. Halafu anaulizwa anajisikiaje ndani na inamsumbua kiasi gani. Dakika nne na maswali mawili. Muda tuliopewa haukufika hapo hata kama daktari angetaka.

Ninajua watu watasema wataalamu ni wachache. Ni kweli. Nchi ilihesabu watu milioni 61.7 mwaka 2022, na madaktari bingwa wa akili hawawatoshi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ule wa mhGAP, mpango wake wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili, uliotoka mwaka 2010, uliandikwa kwa ajili ya wasio mabingwa, na ndani yake kutazama madhara haya ya mwendo kumetajwa, pamoja na ushauri wa kuanza na dozi ndogo na kupanda taratibu. Na aliyetukomboa hakuwa bingwa.

Alikuwa tabibu wa zahanati ya mtaani, kijana pengine kunizidi miaka miwili. Tulikwenda kupima malaria, mdogo wangu ana homa. Tukisubiri majibu, yule tabibu akaacha kuandika, akamtazama miguu. Nikafungua mdomo nieleze, akaninyooshea kiganja kwa adabu. "Samahani dada, ngoja aseme mwenyewe." Kisha kwake: "Kaka, unavyotembea hivyo, ni kwa sababu unawaza jambo, au unataka kukaa ila mwili unakataa?"

Mdogo wangu alianza kulia. Hili ni sahihisho lake la pili: mimi niliandika machozi yalimlengalenga. Akasema, "Andika nililia. Nililia kwa sauti."

Ninaomba anayemuuguza ndugu alishike swali lile. Mtu mwenye akathisia atakujibu bila kusita, kwa sababu amekaa na jibu hilo wiki nzima akingoja kuulizwa. Atakuambia anataka kukaa. Atakuonyesha miguu, mara chache mikono au kifua. Ukimsimamisha mahali pamoja atahamisha uzito mguu huu, mguu ule, kama askari anayepiga hatua bila kwenda. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo: miguu ndiyo isiyotulia, na ilianza siku kadhaa baada ya dawa fulani. Usiseme hajatulia ukaishia hapo. Na usisimamishe dawa kwa uamuzi wako, hata kama umeona kama nilivyoona kwenye daftari. Sauti zikirudi kwa kishindo, hakuna atakayekusikiliza tena habari ya miguu.

Yule tabibu aliomba vidonge na kadi, akapiga simu kwa mtu aliyesoma naye, akatuandikia barua ya rufaa kwenda kliniki nyingine. Huko walisimamisha sindano, wakamuuliza kama ana pumu, kwa sababu propranololi haimfai mwenye pumu, kisha wakampa propranololi hiyo kwa dozi ndogo ya kutuliza miguu, na kumhamishia kidogo kidogo kwenye risperidoni, dawa nyingine ya kupunguza sauti. Wakatueleza pia kwamba bensiheksoli, ambayo tungejilaumu maisha yote kwa kutoinunua, husaidia mitetemeko na misuli iliyokaza kuliko inavyosaidia miguu hii. Flufenazini ilichukua wiki saba kutulegeza. Wiki saba hizo zilimeza Ramadhani nzima na oda za kanzu za Idd, ambazo ni robo ya mapato yake ya mwaka.

Nilirudi kwenye kliniki ya kwanza na barua ya kurasa mbili na nakala za daftari. Muuguzi mkuu alinikaribisha, akasoma yote mbele yangu, akavua miwani. Alisema maneno ya pole ambayo niliyaamini. Nikamwomba jambo moja, kwamba kwenye lile faili waandike kwamba mdogo wangu hakukaidi dawa, miguu ilikuwa inatokana na dawa, ili akipelekwa pale usiku mmoja akiwa hawezi kujieleza asichomwe tena ile sindano. Akaniambia kilichoandikwa hakifutwi, ila karatasi inaweza kuongezwa. Akaiandika mbele yangu kwa wino mwekundu, akaibana ya kwanza kabisa, juu ya nyingine zote. Kuhusu kikundi, simu na muuguzi wa nyumbani, alisema fedha za sehemu hiyo ziliisha mwaka uliotangulia na kadi za zamani zilikuwa bado nyingi stoo. Basi wagonjwa wanaendelea kugawiwa zile kadi, na kina mama wanaendelea kufagia nyanja zao siku za Jumatano.

Mdogo wangu sasa anaingia chumba cha daktari peke yake. Mimi ninabaki kwenye benchi na pochi yangu. Daftari lilirudi kwenye mashati matatu. Amemaliza deni la kitenge mwezi uliopita. Mguu wa kushoto bado humcheza siku za joto kali, na wiki iliyopita alimwambia daktari, wakapunguza robo ya kidonge.